Ufagio wa gulioni si kazi ya mtoto

Jumatano jioni mjukuu wangu wa darasa la tatu alirudi kutoka shule, akavua viatu mlangoni, akasema: "Shikamoo bibi. Mwalimu kasema Jumatatu kila mtu aje na ufagio. Ni kazi ya mikono. Asiyeleta hapati maksi." Hata sijaitikia vizuri, mama yake akajibu kutoka jikoni: "Ijumaa ni gulio, tutakununulia." Mtoto akashusha pumzi, akaenda kula, na jambo likaonekana limekwisha.

Kwangu halikwisha. Nimefundisha shule za msingi miaka 34, mingi nikiwa huku huku Usukumani, na sasa nimestaafu, nakaa hapa Zagayu. Fagio za namna hiyo nimezipokea kwa mamia. Nilikuwa nakaa mezani na daftari la maksi, watoto wamepanga mstari, kila mmoja ameshika wake. Zilikuwa fagio nzuri: nyasi zimelingana, zimekatwa kwa panga lenye makali, zimezungushiwa mpira wa baiskeli mara tatu na fundo limefichwa ndani. Zilifanana kama mapacha, kwa sababu zote zilitoka kwa akina mama wawili wanaouza gulioni. Nilijua. Walimu wenzangu walijua. Watoto walijua kwamba tunajua. Akija mtoto na ufagio uliopinda, umefungwa kwa uzi wa kiroba, nyasi zinachomoka akiutikisa, huyo ndiye pekee aliyefanya kazi niliyoiagiza, nami nilimpa 20 kwa 50. Wa gulioni nilimpa 45. Watoto wale wa 20 nawakumbuka mpaka leo, na najua nina deni kwao.

Ndiyo sababu naandika. Naona jambo lile lile linaendelea, na safari hii limeingia nyumbani kwangu. Ninachosema ni kifupi: kazi ya mtoto ifanywe na mtoto, tangu kutafuta vifaa mpaka kufunga fundo la mwisho, hata ikitoka mbaya, na mtu mzima akae karibu yake huku mikono yake ameiweka mapajani.

Si jambo geni nchini. Mwalimu Nyerere alipotoa Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, alitaka shule imtoe mtoto anayejua kufanya kazi na kufikiri kwa pamoja. Sisi tulioingia kazini baadaye tulilikuta wazo hilo limebakia shamba la shule, usafi, na somo la Stadi za Kazi lililokuwa likifundishwa ubaoni. Nimewahi kuandika ubaoni "hatua za kufinyanga chungu" kwa darasa la watoto zaidi ya 90, wakanakili hatua zote kwa mwandiko safi, na hakuna aliyegusa udongo. Sasa mtaala mpya, ulioanza Januari 2024 kwa awali, darasa la kwanza na la tatu, una somo la Sanaa na Michezo kuanzia darasa la tatu. Nimefurahi sana kuliona. Lakini somo likiwa kwenye ratiba na ufagio ukatoka gulioni, hatujasogea hata hatua moja.

Kuna wazazi wanaoniambia, "Mwalimu, hayo mambo ya sanaa yanataka hela." Wanasema hivyo kwa sababu wameona kwenye simu video za watoto wa Ulaya na Marekani wanakata karatasi za rangi, wanabandika kwa gundi ya dukani, wana mikasi midogo ya plastiki na rangi za kila namna. Duka la hapa kwetu haliuzi vitu hivyo, na si lazima liuze. Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora pale Dar es Salaam mwaka 1968, alichorea vipande vya hardboard ya ujenzi kwa rangi ya kupakia baiskeli. Alichukua kilichokuwepo. Leo mtindo wa uchoraji wenye jina lake unajulikana duniani kote.

Na kilichopo kwetu ni kingi. Kwanza udongo.

Mtoto wa Usukumani hahitaji kufundishwa kufinyanga ng'ombe. Wavulana wanaochunga hujifunzia pembeni ya lambo, mifugo ikinywa maji. Ukitaka kuona akili ya mtoto inavyofanya kazi, kaa naye wakati huo usiseme neno. Mjukuu wangu alianza, kama wote wanavyoanza, na udongo mweusi wa mbuga, kwa sababu ndio uliopo kila mahali na unafinyangika kama ugali. Alitengeneza ng'ombe watano, akawaanika juu ya ukuta wa banda. Siku ya pili wote walikuwa na nyufa, wawili wamekatika shingo. Udongo ule hunywa maji ukavimba, ukikauka unasinyaa. Ndio huo huo unaotupasulia mashamba kiangazi mpaka unaweza kuingiza mguu kwenye ufa. Sikumweleza. Nilimuuliza tu: "Wamekufa kwa ugonjwa gani?" Akawageuza, akawatazama, akasema, "Wamekauka haraka." Akatengeneza wengine akawaanika kivulini. Wakapasuka, ila kidogo. Akachanganya mchanga. Nyufa zikapungua tena, lakini sasa pembe hazikushika. Wiki ya pili nikamwona anatoka nyuma ya nyumba na kopo la udongo wa kichuguu, ule ambao mchwa wameshausaga na kuukanda. Akauponda, akautoa vijiti, akautia maji kidogo kidogo kama mama anayepima unga. Ng'ombe wa kichuguu hawakupasuka.

Tazama ng'ombe wenyewe. Miguu ni minene na mifupi, kwa sababu miguu myembamba haibebi mwili ungali mbichi; hilo alilijua baada ya wawili kulala kifudifudi. Nundu imekaa mbele juu ya mabega mahali pake, haikuwekwa katikati ya mgongo kama anavyochora mtoto ambaye ng'ombe amemwona kitabuni. Pembe ni miiba ya mgunga, imechomekwa udongo ukiwa bado laini. Wawili wamefungwa nira ya kijiti, hao ni maksai, na nyuma yao kuna plau ya waya uliokunjwa. Nilimuuliza kwa nini mmoja ni mkubwa kuliko mwenzake. Akanijibu kwamba huyo mkubwa ndiye mzoefu, mdogo ndio kwanza anafundishwa. Hilo halimo katika kitabu chochote cha darasa la tatu, na ni kweli tupu: wakulima wetu humfunga maksai mgeni na mzee ili ajifunze mstari.

Udongo umenifundisha mimi pia. Mwaka mmoja nilipewa darasa la kwanza, na humo alikuwamo mtoto ambaye hakufungua kinywa muhula mzima. Nyumbani kwao ni Kisukuma tu, na mimi nilisimama mbele yake nikimwaga Kiswahili kama maji juu ya bati. Niliandika kwenye daftari langu kwamba mtoto yule ana tatizo. Siku moja nilileta beseni la udongo, nikaligawa. Yeye akatengeneza ng'ombe. Nikachuchumaa, nikagusa pembe, nikamwambia, "Pembe." Akasema, "Pembe." Nikagusa mkia, nikagusa nundu. Nilipogusa kwato nikakosea makusudi nikaiita mguu, akatikisa kichwa, akanitajia neno la Kisukuma, akanitazama akisubiri nimpe la Kiswahili. Mtoto aliyekuwa na tatizo ni yule aliyekuwa akinisahihisha. Kufikia mwisho wa wiki alikuwa anasema "ng'ombe wangu ana pembe mbili na mkia mmoja", sentensi nzima, yenye hesabu ndani yake. Tatizo lilikuwa langu. Nilikuwa nampa maneno bila kumpa kitu cha kuyashikia.

Baadaye, mradi wa EQUIP-Tanzania ulipofanya kazi katika mkoa wetu wa Simiyu na mingine, ukaanzisha madarasa ya utayari kwa watoto waliokosa elimu ya awali, niliona walimu wa jamii wakifundisha Kiswahili kwa hadithi, michezo na vitu vinavyookotwa. Nilitamani ningeyajua hayo nikiwa kijana. Vizibo vya soda, mbegu za ukwaju, vijiti: vihesabio hivyo kila mwalimu wa awali anavijua. Lakini mara nyingi mwalimu ndiye anayeviokota na kuviosha usiku, kisha anavigawa asubuhi. Nasema wape watoto kazi ya kuviokota. Mtoto anayetumwa kuleta mbegu za ukwaju 20 ameshahesabu kabla ya kipindi kuanza. Wape na kazi ya kuchimba bao chini ya mti, lile ambalo Wasukuma wanaliita isolo. Mashimo yasipolingana kete hazikai, mistari ikipinda wachezaji wanagombana. Watapima kwa kiganja, watafukia, watachimba upya, na hakuna atakayelia kwamba anafundishwa hesabu.

Sasa magari. Huu ni mwezi wa tano, pamba inachumwa, na barabarani malori yamejaa pamba ya kwenda viwandani. Basi kila mvulana wa Zagayu, na wasichana wanaoruhusiwa, anatengeneza lori la pamba. Bodi ni dumu la mafuta ya kula la lita 5 lililokatwa ubavu. Ekseli ni vijiti vilivyonyooka. Magurudumu ni malapa yaliyochakaa. Mbele inafungwa fito ndefu ili dereva atembee wima akiliongoza. La mjukuu wangu lilikuwa linavuta upande mmoja, na alikuwa amekwisha kulipiga teke mara mbili. Hapa niliingilia, maana kuna wakati wa kukaa kimya na kuna wakati mtoto anahitaji jambo moja tu ili aendelee. Nilimwambia achore duara kwa kuzungushia kikombe juu ya karatasi, aikate, aikunje mara mbili. Mikunjo inapokutana, hapo ndipo katikati. Aiweke juu ya lapa, atoboe hapo. Alifanya hivyo kwa magurudumu manne. Lori likanyooka. Akalipakia pamba fifi aliyoiokota chini ya mzani, akaliendesha mpaka kwa jirani na kurudi, mara sijui ngapi.

Hapo pana jambo ninalotaka kila mzazi wa Itilima, Bariadi, Maswa, Meatu na Busega alisome mara mbili. Nimeona magari ya watoto yaliyotengenezwa kwa chupa za dawa ya pamba. Chupa ile ina umbo zuri, ni ngumu, ina mfuniko unaofaa kuwa gurudumu, na imetupwa pembeni ya shamba bure. Mtoto anaiosha kwa maji ya lambo anadhani imetakata. Haijatakata. Dawa hubaki kwenye plastiki, na mtoto anaishika, anaitoboa kwa meno, kisha anakula michembe kwa mkono ule ule. Ukimaliza kunyunyizia, itoboe chupa isiweze kutumika tena, iondoe shambani uiweke mahali ambapo mtoto hafiki. Ni hivyo hivyo kwa betri za redio na tochi. Sisi walimu wa zamani tulizipasua, tukachukua unga mweusi wa ndani kupaka ubao, na watoto ndio waliokuwa wakitwanga kwa mikono mitupu. Nilifanya hivyo kwa miaka, na sasa nasema tusirudie. Mtoto akitaka rangi, nyeusi ni mkaa uliosagwa. Nyeupe ni majivu au vipande vya chaki. Nyekundu ni udongo wa kichuguu chekundu au choya iliyochemshwa. Njano ni manjano ya jikoni, kijiko kimoja tu.

Niliandika "wasichana wanaoruhusiwa", nikakusudia. Mvulana anayechunga ana siku nzima ya udongo, ingawa mara nyingi ameikosa shule. Msichana anatoka shule saa nane, anakabidhiwa ndoo, akirudi kisimani anakabidhiwa mdogo wake, giza likiingia anapepeta. Anatengeneza nini na saa ngapi? Mwanasesere wa gunzi la hindi, akivikwa kitambaa na kutiwa nywele za hindi, ni kazi safi ya mikono: anafunga, anakata, anashona, anampima nguo isimbane. Lakini mara nyingi namwona msichana anamtengeneza huku mtoto wa kweli yuko mgongoni analia. Nawaomba akina mama wenzangu saa moja tu ya Jumamosi au Jumapili, ndoo iwe imeshajaa, mtoto mchanga abebwe na mtu mwingine, hata kaka. Msichana apewe sindano, uzi, mabaki ya vitambaa kutoka kwa fundi cherehani, na pamba ya kujazia. Mafundi hapa wanatupa mabaki hayo kila siku. Ukiomba kwa adabu wanakupa mfuko mzima.

Najua mtakachoniambia kuhusu matope. Sabuni ni hela, na sare ya shule moja inafuliwa usiku ili ivaliwe asubuhi. Mama anayemchapa mtoto aliyerudi na udongo kiunoni hana roho mbaya. Amehesabu maji aliyoyachota na sabuni iliyobaki. Kwa hiyo tenga nguo ya udongo. Fulana iliyochanika, kaptula isiyo na kifungo, ining'inie msumarini nyuma ya mlango, na iwe sheria ya nyumba: hakuna kugusa udongo bila kuvaa ile. Kwangu imetosha. Ugomvi umekwisha.

Mvua zinapokuwa nyingi na udongo haukauki, kuna kazi ya karatasi. Kila nyumba yenye mwanafunzi ina madaftari yaliyokwisha, na mengi yanaishia kuwashia moto. Mwache mtoto ayachane vipande vidogo, ayaloweke usiku kucha. Asubuhi ayakamue na kuyatwanga kwenye kinu mpaka yawe kama uji mzito. Mtu mzima apike gundi: vijiko viwili au vitatu vya unga wa muhogo vikorogwe kwanza kwenye maji ya baridi, kisha vimiminwe katika maji yanayochemka huku unakoroga, ukizubaa yanakuwa madonge. Ikipoa, ichanganywe na karatasi. Chukua bakuli la plastiki, ligeuze juu chini, lipake mafuta kwa nje, mtoto abandike ule mchanganyiko juu yake unene wa kidole, akiupigapiga kwa kiganja. Uwekwe kivulini siku 3 au 4, usianikwe juani. Ukichomoa bakuli, la karatasi linabaki limesimama. Wajukuu wangu wamepata la kuwekea chaki, la kuwekea vifungo, na moja limewekwa mayai ya kuku anayetaka kuatamia. Gundi ile haikai. Siku ya tatu inachacha, kwa hiyo pika ya kutosha siku hiyo tu.

Wapo wanaosema huu ni ushamba, mtoto anatakiwa tuisheni. Hao nawasimulia hivi: zamani niliwapeleka wanafunzi Bujora, pale Kisesa, kwenye makumbusho ya Wasukuma aliyoyaanzisha Padri David Clement. Waliona ngoma kubwa, viti vya watemi na vyombo vya nyumbani vya mababu zao. Watoto wangu walikaa kimya mbele ya ngoma, kimya cha kanisani. Mmoja akaniuliza aliyeitengeneza alisoma wapi. Nilimjibu: "Alijifunza kwa baba yake, akiwa na umri kama wako, akianza na vitu vidogo vilivyoharibika." Akatazama mikono yake. Sikuwa nimepanga somo lolote siku ile, na lile ndilo somo lililobaki.

Basi nirudi kwenye ufagio.

Ijumaa nilimwomba mkwe wangu, mama wa mtoto, asinunue. Hakufurahi. Aliniambia, "Mama, atapata maksi ndogo, kisha atalia." Nikamjibu kwamba ninamfahamu mwalimu anayetoa maksi hizo, maana nilikuwa yeye. Jumamosi asubuhi tukatoka, mimi na mtoto na kisu. Nyasi za ufagio mwezi huu zimekomaa, zina rangi ya dhahabu, lakini si zote zinafaa. Alikata fungu la kwanza, nikampa afagie nalo papo hapo. Zikakatika. Akakata za pembeni ya njia, ndefu zaidi, akazikunja kidoleni kuona kama zinarudi. Hizo zilirudi. Alizivuna moja moja, akizipanga vichwa upande mmoja kama nilivyomwonyesha, na ilimchukua mpaka jua likawa kali.

Kamba tulitaka iwe yake pia. Kwenye mpaka wa shamba kuna mikonge ya zamani. Nilikata jani mwenyewe, kwa sababu ncha yake ni sindano na utomvu wake unawasha, nikamfunga kitambaa mikononi. Alilipiga jani kwa rungu juu ya jiwe, akaparua nyama ya kijani kwa kipande cha ubao, ikatoka harufu mbichi, na ndani zikaonekana nyuzi nyeupe. Hakuamini kwamba zilikuwamo humo siku zote. Tukaziosha, tukazianika kwenye ua. Jioni nikamfundisha kusokota: nyuzi mafungu mawili juu ya paja, kiganja kinasukuma mbele yote mawili yajipinde, kisha unayaachia yajizungushe yenyewe kurudi nyuma. Mara ya kwanza yalifumuka. Mara ya sita yalishika. Akapata kamba urefu wa mkono wake, nene upande mmoja na nyembamba upande wa pili.

Leo asubuhi alifunga. Alibana nyasi katikati ya magoti, akazungusha kamba, akavuta kwa meno. Fundo la kwanza likalegea. La pili likashika lakini nyasi zilikuwa zimeshahama, zikainama kushoto. Nilitamani sana kunyoosha mkono. Niliikalia mikono yangu. Akazungusha tena juu kidogo, akaweka fundo la tatu, akasimama, akafagia mbele ya mlango. Nyasi kama kumi zikabaki chini pamoja na takataka. Aliziokota, akazichomeka tena, akazipigilia kwa jiwe dogo zikae.

Ufagio huo umeegemea ukutani ninapoandika. Umepinda, kamba imevimba upande mmoja, na ni mfupi kuliko wa gulioni. Mama yake ameutazama, akanyamaza, kisha akauliza ile kamba kaitoa wapi, na mtoto akamshika mkono akampeleka kwenye mkonge kumwonyesha. Kesho Jumatatu atakwenda nao shuleni, na akiulizwa nani kaufunga, ana alama ya kamba kwenye vidole viwili.